Mwewe Hapigi Mbawa: Nishati Anaitoa Wapi?



Katika miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari, ukitoka msikitini baada ya swala ya adhuhuri, inua macho kabla hujavaa viatu. Hapa Kuluva hutakosa kumwona mwewe. Amekunjua mbawa, hazipigi hata mara moja, anazunguka taratibu, na kila akimaliza mzunguko unamkuta juu zaidi ya pale alipoanzia. Mara nyingi chini yake kuna tanuri la matofali linalofuka moshi, au shamba lililochomwa majani, au mabati ya nyumba yanayong'aa kwa jua. Shika hilo akilini, tutalirudia.

Siku moja katika darsa yetu chini ya mwembe, ndugu mmoja alisoma aya ya 19 ya Suratul Mulk, ile inayotutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Akamaliza kwa kusema kwamba hapo fizikia imeshindwa, ndege kukaa juu bila kupiga mbawa hakuna sababu yoyote. Ndugu mwingine, anayesoma sayansi, akajibu kwa mkato: "Ni hewa tu." Darsa ikachafuka. Wa kwanza akaona aya imekanushwa, wa pili akaona ameambiwa achome vitabu vyake. Mimi ninayesomea ualimu wa fizikia nilinyamaza, na sikunyamaza kwa hekima. Nilijua kwamba "hakuna sababu" si jibu, nilijua pia kwamba "hewa tu" si jibu, na sikuwa na la tatu.

Baadaye nikaenda mazoezi ya kufundisha, kidato cha tano, na hapo nikafanya vibaya zaidi. Nilisimama mbele ya darasa nikasema mwewe anabaki juu kwa sababu hewa inayopita juu ya bawa ina njia ndefu, hivyo inakimbia ili ikutane na mwenzake wa chini, na upepo unampa nguvu. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni bawa linalombeba, mbona ndege ya karatasi ina mabawa na inaanguka?" Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ni karatasi. Darasa likacheka, yeye akakaa chini. Somo hili ni jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na neno, maana kosa langu lilianzia kwenye neno. Kiswahili chetu cha kila siku kinaipa "nguvu" mizigo mingi mno. Mtu ana nguvu, betri ina nguvu, lori halina nguvu mlimani, hata chai ina nguvu. Katika fizikia lazima tutenganishe. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa niutoni. Nishati ni akiba ya kufanya kazi, nayo hupimwa kwa jouli. Meza iliyobeba msahafu inausukuma juu usiku na mchana, lakini haitumii jouli hata moja, kwa sababu msahafu hausogei. Kazi hufanyika pale kani inapokwenda pamoja na mwendo. Kwa hiyo kuuliza "nini kinambeba mwewe?" ni swali la kani. Kuuliza "nini kinampandisha?" ni swali la nishati. Ni maswali mawili, nami nilimpa binti yule jibu moja la ovyo kwa yote mawili.

La kani ni jepesi. Bawa linapokata hewa likiwa limeinama kidogo, linaielekeza hewa chini. Hewa iliyosukumwa chini inalisukuma bawa juu, na hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Ile hadithi ya hewa mbili zinazoahidiana kukutana ukingoni mwa bawa ifuteni madaftarini. Hewa ya juu inakwenda kasi kweli, lakini haina miadi na mtu. Vipimo vinaonyesha inafika ukingoni kabla ya ile ya chini.

Sasa la nishati. Nitamtumia tumbusi badala ya mwewe, kwa sababu tumbusi amepimwa, tena katika Afrika Mashariki yetu. Colin Pennycuick, Mwingereza aliyefundisha zoolojia Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1968 na baadaye akafanya kazi Serengeti, alikuwa na ndege ndogo ya kuelea, yenye injini ambayo rubani anaweza kuizima akiwa angani. Aliwafuata tumbusi, korongo na wari kwa ndege hiyo, akaingia nao kwenye mizunguko yao, akazunguka pamoja nao. Alichapisha vipimo vyake mwaka 1971 na 1972. Mimi humwonea wivu. Wengi wetu tunajifunza elimu ya ndege kwa kukariri michoro ubaoni, yeye alikwenda kukaa kati yao.

Alichokipata kwa tumbusi mgongo-mweupe ni hiki, kwa tarakimu za kukadiria: katika hewa tulivu, akikunjua mbawa bila kupiga, husonga mbele kama mita 15 kwa kila mita 1 anayoshuka. Akienda polepole kama mita 10 kwa sekunde, anashuka kama mita 0.8 kila sekunde.

Soma tena hapo: anashuka. Katika hewa tulivu hakuna ndege, wala tumbusi, wala mashine ya mamilioni, anayeweza kukaa juu bila kupiga mbawa au kuwasha injini. Ukinzani wa hewa unamla nishati kila sekunde, na njia pekee ya kulipa ni kushuka, kama bodaboda anayezima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Ndege ya karatasi inaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti ya tumbusi nayo ni kwamba tumbusi anaanguka polepole na kwa ustadi.

Tumpime. Tumbusi huyo ana uzito wa kilo kama 5.4, maana yake dunia inamvuta kwa kani ya niutoni 53. Akishuka mita 0.8 kwa sekunde, anapoteza 53 mara 0.8, yaani kama jouli 42 kila sekunde. Ni wati 42. Kani ya hewa inaelekea juu, mwendo wake unaelekea chini, kwa hiyo hewa inamnyang'anya.

Basi anapandaje?

Fikiri kisima cha kamba. Sisimizi amekaa juu ya kamba karibu na mdomo wa kisima, anateremka kwa miguu yake kuelekea ndoo. Wakati huo huo mama mmoja anavuta ndoo. Kamba ikivutwa kwa haraka kuliko miguu ya sisimizi, sisimizi anatokea juu kisimani akiwa bado anateremka. Hakuacha kushuka hata nukta moja. Kamba ndiyo iliyopanda.

Hewa ni ile kamba. Chukua hewa inayopanda mita 3 kwa sekunde. Tumbusi ndani yake lazima azunguke asitoke nje, na akiwa amelala upande anashuka haraka kidogo zaidi, tuseme mita 1 kwa sekunde. Tatu toa moja, anapanda mita 2 kwa sekunde machoni petu sisi tulio chini. Sasa kani ya hewa inaelekea juu na mwendo wake pia unaelekea juu. Niutoni 53 mara mita 2 ni wati 106. Hewa ile ile iliyokuwa inamnyang'anya sasa inampa. Kanuni haikubadilika, kilichobadilika ni upande wa mwendo. Katika dakika nane na sekunde 20 atakuwa amepanda mita 1,000 na kuweka akiba ya jouli 53,000 bila kupiga bawa.

Na nani analipa? Hili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu nishati haizuki. Tumbusi anaisukuma hewa chini ili imsukume juu, hivyo ule mkondo unaopanda unapunguzwa kasi kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mkondo ndio unaolipa. Mkondo nao ulilipwa na ardhi iliyopata joto, na ardhi ililipwa na jua.

Hapo ndipo tanuri la matofali linapoingia. Jua halipashi moto kila kitu sawasawa. Barabara ya vumbi, majivu ya shamba lililochomwa, mabati na mwamba mtupu hupata joto kuliko kivuli cha miembe au bonde lenye maji. Hewa iliyo juu yake inapata joto, inatanuka, inakuwa nyepesi, inaachana na ardhi na kupanda kama nguzo. Usidhani panahitajika joto kali. Hewa ikizidi jirani zake kwa nyuzi 1 tu siku ambayo nje kuna nyuzi 30, inasukumwa juu kwa mchapuko wa mita 0.03 hivi kwa sekunde, kila sekunde. Ni kidogo sana. Lakini ikipanda mita 100 bila kizuizi, inafikia kasi ya kama mita 2.5 kwa sekunde, na hiyo ni zaidi ya hasara ya tumbusi. Kweli, hewa halisi hujichanganya na jirani zake na kupoteza kasi, lakini tanuri linalowaka halitoi nyuzi 1 tu. Mwewe wa Kuluva anajua bei ya matofali kuliko sisi.

Nguzo hiyo ni nyembamba, ndiyo maana ndege huzunguka. Tumbusi mwenye kasi ya mita 10 kwa sekunde akijilaza nyuzi 30 anazunguka duara lenye nusukipenyo cha mita 18 tu. Ndege za kuelea za binadamu, kama zile za klabu ya Mweiga karibu na Nyeri huko Kenya, huenda kwa kasi zaidi, na duara lao huwa mara nne au zaidi. Zinahitaji nguzo nene. Kwa hilo ndege wa Mwenyezi Mungu wametushinda, ingawa mashine zetu bora hufika mbali zaidi kwa kila mita wanayoshuka: 40, 50, hata 60, si 15.

Akiba hiyo inatosha safari gani? Kutoka Kuluva mpaka mjini Arua ni kama kilomita 11. Tumbusi aliye mita 1,000 juu ya hospitali ya Kuluva akielekea Arua bila kupiga bawa, hewa ikiwa tulivu, atatumia mita 730 hivi na kufika mjini akiwa bado na mita 270 juu ya mabati ya soko. Akitaka Koboko, zaidi ya kilomita 60, lazima atafute nguzo nyingine njiani mara tatu au nne. Panda, teleza, panda, teleza. Ndivyo anavyosafiri, na ndivyo marubani wa ndege zisizo na injini wanavyosafiri.

Nirudi kwenye kosa langu la pili, kwamba upepo unampa nguvu. Nilidhani hivyo kwa sababu ya tiara. Mtoto akirusha tiara, upepo unaishika juu, basi na mwewe vivyo hivyo. Lakini tiara ina uzi. Uzi umefungwa kwa mtoto, mtoto amesimama ardhini. Kata uzi uone. Upepo unaokwenda mlalo kwa kasi moja haumpi ndege aliye ndani yake hata jouli moja, unambeba tu pembeni. Aliyevuka Mto Nile kwa kivuko cha Laropi anaelewa: ukiruka juu ukiwa ndani ya kivuko kinachotembea, hutafika juu zaidi kwa sababu kivuko kinakwenda, na maji ya chupa yako hayapati habari ya safari. Kwa ndege, upepo wa kasi moja ni kivuko.

Mwaka 1883 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliliweka jambo hili kwa unyoofu ambao bado sijauona ukizidiwa. Ukimwona ndege anaendelea na safari bila kufanya kazi kwa mbawa, alisema, basi moja kati ya matatu ni kweli: njia yake si ya mlalo, au upepo si wa mlalo, au upepo hauna kasi moja kila mahali. Hakuna la nne. Mimi sasa nikimwona ndege yeyote hewani najiuliza ni lipi kati ya hayo.

La kwanza ni kushuka, tumekwisha liona. La pili ni nguzo ya joto, na pia mlima. Upepo ukigonga ubavu wa Mlima Wati, au Liru kule Koboko, hauna pa kupita ila kupanda, na mwewe anaweza kusimama mbele ya mteremko ule kama aliyetundikwa. Amesimama kwa macho yetu tu; katika hewa yake anakwenda mbele na kushuka, hewa inakuja na kupanda, hesabu inafika sifuri. La tatu ni la baharini, mbali na sisi. Albatrosi wa bahari za kusini huchezea tofauti ya upepo, taratibu karibu na mawimbi na mkali juu yake, akipanda akiukabili na kushuka akiupa mgongo, na kila mzunguko unamwachia faida.

Kuna mtego mmoja wa kuepuka. Ukimwona mwewe anashuka kwa kishindo sokoni, anakosa nyama, kisha anainuka ghafla bila kupiga bawa, usiseme amepata nishati. Amebadilisha kasi kuwa urefu. Akitoka mita 20 kwa sekunde mpaka 10, anainuka kama mita 15, na hiyo ilikuwa mali yake mwenyewe. Kubadilisha noti si kupata mshahara.

Mtego huo unanikumbusha Abbas ibn Firnas wa Kordoba, aliyefariki mwaka 887, ambaye tunapenda sana kumtaja kwenye mabango yetu kama Mwislamu wa kwanza kuruka. Habari yake mashuhuri imeandikwa na al-Maqqari, aliyeishi miaka zaidi ya 700 baadaye. Anasimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa, akaruka kutoka mahali pa juu, akateleza hewani umbali wa kutosha, kisha akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Hata tukiikubali habari yote, alichofanya ni la kwanza la Rayleigh: alitumia urefu aliokuwa nao. Simpunguzii heshima kwa hilo. Ninachokataa ni mabango yanayosema ametangulia kila kitu, halafu anayeyabandika hajui tofauti ya kani na nishati.

Sasa tazama asubuhi. Mwewe ni mwepesi, anaweza kupiga mbawa na kuondoka mapema. Tumbusi na kaloli hukaa juu ya miti mpaka saa tatu au saa nne, wakisubiri ardhi ipate joto. Huo si uvivu. Jouli 53,000 za mita 1,000 ni nishati iliyo katika gramu 3 tu za sukari, chini ya kijiko cha chai. Lakini msuli hupoteza karibu robo tatu ya inachochoma, kwa hiyo kijiko kinakuwa vitatu, kwa mpando mmoja tu, kabla ya kuhesabu gharama ya kusonga mbele. Aliyefunga Ramadhani anajua thamani ya kijiko cha sukari saa kumi jioni. Na ndege mzito kama tumbusi misuli yake haiwezi kufanya hivyo kutwa nzima hata akila vizuri.

Na ile darsa? Aliyesoma aya na aliyesema "hewa" hawakuwa wakijibizana. Mmoja alisema nani, mwingine alijaribu kusema vipi, akaishia njiani. Aya yenyewe inataja kukunjua mbawa na kuzikunja, hali mbili, na inaanza kwa kutuuliza kama hatuwaoni. Mimi nimeamua kwamba kutazama ni pamoja na kupima, na Ijumaa ijayo insha Allah nitaleta saa na kamba ya kupimia kivuli. Atakayekuja na hoja tu bila macho, aje baada ya futari.

Ukiwa ulikuwa darasani siku ile, mstari wa nyuma, swali lako lilikuwa zuri kuliko somo langu. Hili hapa lingine, unijibu: mwewe wa gramu 800 anashuka mita 0.9 kwa sekunde katika hewa yake. Saa mbili asubuhi hewa juu ya barabara inapanda mita 0.6 tu kwa sekunde. Yuko mita 60 juu ya ardhi na hataki kupiga bawa. Ana muda gani kabla ya kugusa chini, hewa inafanya kazi ya wati ngapi juu yake, na je, inampa au inamnyang'anya?